Sura ya Nne: Mbuzi Bandani, Majani Ukingoni

Mbuzi amebebeshwa lawama nyingi katika nchi hii. Palipo na korongo jekundu na kilima kilichobaki mawe matupu, yeye ndiye mshtakiwa wa kwanza. Kondoa hutajwa kila mara. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na ilipoonekana makorongo hayaponi kwa kuchimba matuta peke yake, mwaka 1979 serikali ikaamuru mifugo yote iondolewe kwenye vilima vya Irangi, huko Kondoa, vilivyoharibika: ng'ombe, kondoo, punda na mbuzi. Nyasi zikarudi, miti ikachipua. Lakini watu walikosa maziwa, na mashamba yakakosa samadi. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 ufugaji ukaanza kuruhusiwa tena kwa sharti: ng'ombe wa maziwa akae bandani, majani yaletwe alipo.

Sharti hilo ndilo kiini cha sura hii. Mbuzi yuleyule anayeshtakiwa kwa kuumaliza mlima anaweza kuwa sababu ya mlima kubaki, mradi akae bandani na anayemfuga alazimike kumkatia majani. Anayetafuta majani kila siku ataishia kuyapanda, na mwenye eneo dogo hana pa kuyapanda ila ukingoni mwa matuta. Ukingo ulioshikwa na mizizi haubomoki ovyo.

Nasema haya nikiwa Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, wilaya ya Mvomero. Huku boga likikuponyoka shambani kwako, utakwenda kuliokota kwa jirani wa chini. Ni nchi ya baridi na ukungu, na kwa sababu hiyo ni nchi ya mboga: kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, vitunguu saumu. Siku ya soko Nyandira, magunia na matenga hupangwa kando ya barabara tangu alfajiri, madalali wakipita na madaftari yao, na Fuso likishajaa linashuka Morogoro kisha Dar es Salaam. Mtu wa mjini anayekula karoti mwezi wa Agosti, kuna uwezekano mkubwa anakula jasho la mlima huu.

Kwetu hakuna malisho. Hakuna uwanda wa kuachia mbuzi ajitafutie, na mbuzi aliyekatika kamba kwa dakika chache tu anaweza kula kabichi za jirani zenye thamani kuliko yeye mwenyewe. Ndiyo maana anayefuga huku anafuga bandani, na kazi yake kubwa ni kukata majani.

Tuihesabu kazi hiyo. Mbuzi jike wa maziwa mwenye kilo 40 hivi anahitaji karibu kilo 8 za majani mabichi kwa siku. Majike wawili ni kilo 16, na hapo watoto na beberu hawajahesabiwa. Kwa mwaka mzima hizo ni karibu tani 6. Tani 6 zinazokatwa kwa mundu, zinazofungwa kwa kamba ya mgomba na kupandishwa mlima kwa kichwa, juu ya ngata. Vitabu vingi vya ufugaji huanza na aina za mbuzi na ukubwa wa banda, majani vikayagusa kwa aya moja. Nadhani vimeanza kichwa chini. Anayetaka kuanza kufuga na aulize kwanza: majani haya yatatoka wapi, nani atayakata, na mwezi wa Septemba itakuwaje?

Katika nyumba nyingi jibu la swali la pili ni mama na watoto. Mradi wa mbuzi huandikwa jina la baba, mkutano wa kikundi anakwenda baba, lakini mzigo wa majani unabebwa na mama akitoka shambani, juu ya kuni na mtoto mgongoni. Hili halitatuliwi kwa semina. Hupungua pale majani yanapopandwa karibu na banda. Mtu aliyezoea kuyafuata bondeni kwa mwendo wa saa nzima, akiyakata sasa mita 20 kutoka mlangoni, amerudishiwa saa yake.

Majani yenyewe yana tabia zake. Mabingobingo hukua haraka kuliko yote, na yakikatwa yangali laini, yakiwa yamefika kiunoni au kifuani, mbuzi huyala vizuri. Yakiachwa hadi yapite kichwa yanakuwa fito. Mbuzi atachuma majani ya pembeni na kukuachia mashina. Majani ya Guatemala ni magumu zaidi mdomoni lakini hustahimili kiangazi, na kwa kushika ukingo sijaona kinachoyazidi. Desmodiamu hutambaa chini na kufunika udongo, nayo ni jamii ya kunde, kwa hiyo ina protini nyingi kuliko nyasi. Kisha kuna kaliandra, kichaka chenye maua mekundu ya nyuzinyuzi. Utafiti uliofanywa Embu, Kenya, kwa ng'ombe wa maziwa ulionyesha kwamba kilo 3 za kaliandra mbichi zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Sharti ilishwe mbichi. Ikikaushwa hupoteza sehemu ya faida yake. Mforsadi nao hupendwa mno na mbuzi, na watoto wa nyumbani hupata matunda yake.

Punguza mzigo kwa mabaki ya bustani, lakini kwa akili. Mashina ya njegere baada ya kuchuma, marando ya viazi vitamu, majani ya maharage, majani ya mgomba, hayo yote ni chakula. Majani ya viazi mviringo na ya nyanya siyo, yana sumu. Majani ya mparachichi ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote, kwa sababu miparachichi imepandwa kila mahali siku hizi na mtu anaona matawi yaliyopogolewa yanapotea bure. Yanaharibu kiwele, na yakizidi yanaharibu moyo wa mbuzi. Majani ya nje ya kabichi hufaa kidogo kidogo. Yakizidi tumbo hujaa gesi, na kabichi iliyopigwa dawa ya wadudu isipelekwe bandani hadi siku zilizoandikwa kwenye kopo zipite. Huku mboga hupigwa dawa sana, kwa hiyo onyo hili lina uzito wake.

Sasa nirudi kwenye ukingo, kwa sababu una historia yake hapa na historia hiyo ni ya maumivu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, na asiyechimba alitozwa faini. Wataalamu waliona udongo unashuka mitoni, na kuona huko hakukuwa kosa. Lakini kuchimba ngazi kwenye udongo mwembamba ni kufukia udongo mzuri na kuutoa juu ule mbaya. Watu walichimba kwa jasho, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 subira ikaisha. Upande wa mashariki wa milima watu walikusanyika kupinga, ghasia zikatokea, mtu mmoja akauawa, na muda mfupi baadaye mpango ukaachwa. Matuta mengi yaliachwa yabomoke, na kwa miaka mingi neno lolote la hifadhi ya udongo lilisikika masikioni mwa wazee kuwa ni amri ya shokoa.

Huku Mgeta sehemu ya matuta yale ilidumu. Sababu ilikuwa mboga. Palipo na maji ya mfereji, ngazi bapa ilimsaidia mkulima kumwagilia, na kabichi ilimlipa kwa fedha. Mwenye shamba alilitengeneza tuta kwa kuwa lilikuwa na faida mkononi mwake mwaka uleule. Ninapofikiria kwa nini hifadhi inashika mahali pamoja na kushindwa pengine, narudi hapo kila mara.

Halafu ikaja tarehe 23 Februari 1970. Ilinyesha mvua ya milimita 100 hivi kwa muda usiofika saa 3, na Mgeta ikaporomoka. Watafiti wawili, Paul Temple na Anders Rapp, waliokuwa katika utafiti wa mmomonyoko wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, walihesabu maporomoko zaidi ya 1,000. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi fupi. Penye miti yalikuwa machache mno. Sababu yake si fumbo. Maji yakishiba udongo, tabaka la juu huteleza juu ya mwamba, na kitu pekee cha kulizuia ni mizizi iliyopenya hadi chini.

Mizizi ya majani peke yake haifiki huko. Mabingobingo huzuia maji yasikwangue uso wa tuta, lakini mteremko wote ukiamua kwenda, unakwenda nayo. Ndiyo maana mimi ni mtetezi wa kuchanganya: Guatemala au mabingobingo ukingoni, na mstari wa kaliandra nyuma yake, mti wenye mzizi unaozama. Mkulima hukataa akiambiwa apande miti ya kushika udongo, kwa kuwa mti unakula nafasi ya karoti na hauleti kitu. Kaliandra inaleta maziwa. Hapo mazungumzo yanakuwa mengine.

Nisifiche gharama. Mabingobingo ni jirani mlafi. Mstari wa kwanza wa karoti karibu nayo hudumaa, na usipokata mizizi yake kwa jembe kila msimu itaingia bustanini. Wengine huchimba kifereji chembamba kati ya ukingo na kitalu, na kifereji hicho hukusanya pia udongo uliotaka kuondoka. Wanaotumia Guatemala hawasumbuki sana. Hata hivyo kila ukingo wenye majani ni kipande cha ardhi kilichotolewa kwenye mboga, na mwenye robo eka hupima kwa makini.

Mbuzi wa maziwa si wa asili hapa. Waluguru walikuwa na mbuzi wao wadogo, wa nyama, mahari na shughuli za ukoo, na kukamua mbuzi halikuwa jambo la nyumba zetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kikisaidiwa na Wanorwe, kilileta Mgeta mbuzi wa Kinorwe. Joto la Morogoro chini liliwasumbua. Ubaridi wa mlimani ukawafaa. Walipandishwa kwa mbuzi wa kienyeji, na vizazi vilivyofuata vikaenea kijiji hadi kijiji. Jike aliyelishwa vizuri hutoa lita 1 hadi 2 kwa siku. Ng'ombe angetoa zaidi, lakini ng'ombe ana hitaji la majani ambalo ukingo wa robo eka hauwezi kulitimiza, na akifa amekufa na mtaji wote.

Banda hujengwa juu ya nguzo, sakafu ikiwa imeinuliwa kiasi cha mtu kuinama na kuingiza jembe chini. Sakafu ni ya papi au mirunda iliyonyooka, ikiachwa nafasi ya sentimita moja na nusu kati ya papi na papi: kinyesi kipite, kwato isipite. Ukibana, uchafu unakaa. Ukipanua, mtoto wa mbuzi anavunjika mguu. Mabanzi yanafaa kwa ukuta, na upande wa mbele huachwa wazi sehemu ya juu ili hewa ipite, maana mbuzi huvumilia baridi kuliko unyevu. Hori la majani liwe nje ya ukuta, mbuzi atoe kichwa tu. Jani lililodondoka na kukanyagwa hatalila hata akiwa na njaa, na katika hilo yuko sahihi kabisa.

Usahihi wake unahusu minyoo. Kuna mnyoo wa tumbo la nne anayenyonya damu; jike lake hutaga maelfu ya mayai kwa siku, mayai hutoka na kinyesi, mabuu huanguliwa na kupanda kwenye majani mafupi wakati wa umande. Mbuzi anayekula chini hujiambukiza mwenyewe kila asubuhi. Anayekula kwenye hori lililoinuliwa, majani yaliyokatwa juu ya kiganja kutoka ardhini baada ya umande kukauka, amekatiwa njia hiyo kwa sehemu kubwa. Kwa sehemu, si yote.

Kwa hiyo anakaguliwa. Unamshika kichwa chini ya kwapa, kidole gumba cha mkono mmoja unabonyeza kope la juu kwa upole mboni irudi ndani, na cha mkono wa pili unavuta kope la chini. Ngozi ya ndani inajitokeza kwa nukta chache tu, na hapo ndipo utazame haraka, kwenye mwanga wa jua, kabla haijabadilika kwa kushikwa. Ikiwa nyekundu kama ndani ya mdomo wa mtu mzima wa afya, mwache. Ikiwa ya waridi iliyopauka, mtie kwenye hesabu. Ikiwa nyeupe, damu imekwisha na dawa haingoji kesho. Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia, iitwayo FAMACHA, kwa sababu hii hii. Uzuri wa njia hiyo ni kwamba unampa dawa anayeihitaji tu. Kumnywesha kila mbuzi dawa kila baada ya miezi mitatu, kama wengi tulivyofundishwa, huwaachia uwanja minyoo iliyokwisha kuizoea dawa, na kopo la dukani linabaki maji ya rangi. Nikiona pia uvimbe laini chini ya taya, sina haja ya kadi.

Chini ya sakafu ile ndiko kuliko utajiri. Mbuzi ni mchaguzi. Kati ya kilo 8 unazomletea atabakiza mashina, na mashina hayo huanguka pamoja na kinyesi na mkojo. Yanalowa na kuchanganyika yenyewe. Mwenye ng'ombe hulazimika kutafuta mabua ya kuchanganya na samadi yenye majimaji; mwenye mbuzi amechanganyiwa tayari. Kila wiki mbili tatu huvutwa kwa jembe, hurundikwa kivulini, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kugeuzwa. Ndani ya miezi mitatu, vidonge vya kinyesi vilivyokuwa vigumu vinavunjika kati ya vidole na kunuka udongo. Mashina yakiwa bado yanaonekana, ngoja. Mbegu za magugu zilizopita tumboni huhitaji joto la rundo ili zife.

Samadi haigawiwi sawa kwa kila kitalu. Kabichi ina njaa, ipewe viganja viwili kila shimo. Karoti ikipewa samadi mbichi hugawanyika miguu na kuota vinyweleo, na dalali atakuwekea pembeni kama takataka. Utaratibu wa huku ni kabichi kwanza kwenye samadi, kisha karoti mahali palepale msimu unaofuata, zikila masalio, kisha njegere. Njegere zinarudisha naitrojeni kiasi na mashina yake yanarudi bandani. Vitunguu saumu mimi huvipandia pembezoni. Mchicha, mnafu na figili za kula nyumbani hukaa karibu na banda kabisa, mahali ambapo mkojo uliochanganywa na maji mara kadhaa unaweza kumwagwa bila kubebwa mbali. Hiyo ndiyo sehemu yenye kijani kibichi zaidi hapa nyumbani wakati wa kiangazi, na haihitaji maelezo marefu.

Wanaopima mbuzi kwa maziwa peke yake hukata tamaa haraka. Lita moja na nusu, watoto wakishanyonya sehemu yao, ni chai ya nyumba na kikombe cha mtoto. Ni kitu kikubwa kwa mtoto anayekula ugali na mboga, na Nyandira pamewahi kutengenezwa mtindi wa maziwa ya mbuzi unaouzika. Yachemshwe daima, kwa ajili ya ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza watu, na mtoto mchanga asipewe yawe badala ya maziwa ya mama; yana upungufu mkubwa wa asidi ya foliki. Lakini ukiipima samadi kwa magunia ya mbolea ya dukani ambayo hukununua, hesabu ya mbuzi inabadilika.

Beberu ana sura yake katika uhusiano wa majirani. Si kila nyumba inayomudu kumlisha, na si busara kila nyumba iwe naye. Harufu yake ikikaribia maziwa yanaharibika ladha, kwa hiyo banda lake huwa upande wa pili wa nyumba, upepo unakokwenda. Jike huingia joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe hudumu siku moja au mbili, kwa hiyo wageni huja bila taarifa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Shangazi."

"Sikai, mwanangu. Mbuzi wangu tangu usiku analia tu na mkia hautulii. Beberu yupo?"

"Yupo. Ila yule si binti yake?"

Swali hilo ndilo lenye thamani kuliko ada ya kupandisha. Binti hukomaa mapema, wakati mwingine baba yake bado yuko palepale, na watoto wanaopatikana hapo huwa wadogo na dhaifu. Vikundi vinavyofanya vizuri hubadilishana mabeberu kati ya kijiji na kijiji kila baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili, na huandika. Daftari la shule lenye safu nne, tarehe, jina la jike, jina la beberu na watoto, limeokoa mbuzi wa Mgeta kuliko sindano nyingi. Shangazi yule alirudi na mbuzi wake akaenda kwa beberu wa kijiji cha chini, na mimba hubebwa siku 150 tu. Watoto wakizaliwa wapate dang'a mapema, ndani ya saa za kwanza; mtoto asiyepata hana kinga.

Nimeacha jambo la ardhi hadi sasa, ingawa huku hutangulia mengine yote. Waluguru hurithi kwa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye anayesikilizwa. Mume anaweza kulima kwenye ardhi ya mke miaka yake yote bila kuwa mwenye ardhi. Na mti, kwa desturi ya huku na ya sehemu nyingi za nchi hii, ni dai. Aliyeazimwa shamba analima mboga, anavuna, anaondoka; akipanda mti amesema neno zito. Mabwana shamba wengi wamegawa miche bila kujua hili, wakarudi mwaka uliofuata wakakuta imekauka kwenye mifuko yake, wakaandika kwamba wakulima hawana mwamko.

Kwetu kuna kipande cha juu, chenye mteremko mkali kuliko vyote, ambacho ni cha upande wa mjomba. Nilipomwendea kuomba kupanda ukingoni, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Majani panda. Miti, tutazungumza." Nilipanda Guatemala, yakashika. Misimu ya mvua ikapita, na tuta lile halikumwaga udongo njiani kama zamani. Majani yenyewe alikuwa akiyaona yanapita mbele ya nyumba yake kichwani mwa watoto, na samadi ilianza kupelekwa kwenye njegere zake. Hatukuzungumza habari za miti. Kisha siku moja akauliza mwenyewe kama ile yenye maua mekundu inakomaa kwa muda gani.

Mwezi wa Juni ndipo majike hupandishwa, ili wazae Novemba mvua za vuli zikiwa zimeamsha majani. Mwezi huohuo hupunguzwa idadi. Madume yaliyozaliwa mwaka uliotangulia yauzwe kabla ya kiangazi kushika, yakiwa bado na nyama, maana Septemba majani ya ukingoni huwa machache na magumu, na mbuzi mmoja wa ziada mwezi huo hula maziwa ya wenzake wote. Ni uamuzi mgumu kwa wengi. Idadi ya mbuzi ni heshima ya nyumba. Mimi hupima kwa kutembea kingo zote mwishoni mwa masika, nikiangalia ni mita ngapi zimesimama, na kinachozidi majani kinakwenda mnadani.

Sehemu ya fedha za mwaka huu imenunua pumba na jiwe la chumvi. Nyingine imenunua mbegu za kaliandra. Zinalowekwa kwenye maji ya baridi siku mbili, kisha zinasiwa kwenye viriba vilivyojazwa udongo wa msituni na samadi ya chini ya banda. Mjomba amekubali mistari miwili, nyuma ya Guatemala, na ameonyesha kwa fimbo yake ianzie wapi na iishie wapi. Vuli ikianza tutapanda, nusu mita kati ya mche na mche, na mwaka wa kwanza hakuna atakayepeleka mundu pale.